Mashine ya Pamba kwenye Nyumba ya Eda

Jumanne, tarehe tisa Septemba, nilimpoteza mume wangu. Jumamosi ya wiki hiyohiyo nikapoteza mkanda wa mashine yake. Kwa msiba wa kwanza watu walijua la kufanya, wakaja na sukari, mchele na viti vya kuazima. Kwa wa pili hakuna aliyenipa pole, na mmoja alicheka. Sikumlaumu. Mkanda ni kipande cha mpira tu. Lakini aliyeuchukua alijua anachukua nini, na mimi nilijua.

Nyumba yetu iko Rwezamenyo, kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Mbele kuna chumba ambamo mume wangu alipokea magodoro, au matela kama tunavyosema hapa Kigali. Nyuma kuna ua, na uani, chini ya mabati, kuna mashine ya kuchambua pamba. Nitaieleza, maana wengi siku hizi wanalala kwenye sponji na hawajawahi kuiona.

Ni sanduku la mbao nzito, urefu wake kama kitanda cha mtoto, kimo chake kinanifika kifuani. Mbele kuna rola mbili za chuma zilizobanana. Hapo ndipo pamba inapolishwa, kiganja kwa kiganja. Nyuma ya rola kuna pipa la mbao lililojaa meno ya chuma, safu kwa safu. Pipa likizunguka, meno yanainyakua pamba kutoka kwenye rola, yanaipasua na kuipigapiga juu ya wavu. Mchanga, vipande vya mbegu, maganda na vumbi vinadondoka chini. Pamba inarushwa nyuma, kwenye kijumba cha turubai, inakaa humo imevimba kama povu la sabuni. Matela iliyolaliwa miaka kumi ikawa ngumu kama ubao inaingia upande huu, na upande ule inatoka pamba ambayo ukiipuliza inaondoka.

Baba mkwe wangu alikuja nayo kutoka Tanzania, upande wa ziwani, kutoka kiwanda cha pamba kilichokuwa kinatupa mashine zake za zamani. Ilikuwa nzee tayari siku alipoipata. Kabla yake alichambua pamba kwa upinde mkubwa, anaugonga uzi wake kwa kinyundo cha mti mpaka pamba irukeruke, na kabla ya upinde alikuwa na fimbo mbili tu. Aliwafundisha wanawe wawili kazi zote tatu. Mkubwa, ambaye ndiye mume wangu, alibaki na pamba. Mdogo hakuweza kuvumilia vumbi, akahamia Gatsata kwenye gereji na vyuma chakavu. Mwaka ule mbaya wa mauaji, tisini na nne, mashine ilifunikwa mabati na majani ya migomba, na waliorudi waliikuta palepale.

Mtaani waliiita mke mwenza wangu. Jirani akipita asubuhi anauliza, "Mke mwenza ameamka?" Nami najibu, "Ameshakunywa mafuta. Mimi chai bado." Tulicheka hivyo kwa miaka mingi. Lakini sitaandika kwamba niliipenda. Niliichukia. Vumbi lake nililikuta kwenye nywele, kwenye wali, kwenye nguo nilizozianua kutoka kwenye kamba. Nililikuta kwenye kifua cha mume wangu nilipoweka sikio langu pale, linakwaruza kama mtu anayefagia chumba cha pili.

Nilimshonea vitambaa vya kuziba pua. Nilivishona kwa shuka la zamani, tabaka tatu, na kamba za kufunga kisogoni. Anavaa siku mbili, tatu, halafu kitambaa hakionekani. "Kimepotea," anasema. Nashona kingine. Kipindi cha korona alikuwa anajifunika pua akienda sokoni, kwa kuogopa polisi, na akifika kwenye mashine anavua. "Hapa polisi hafiki," alisema. Daktari alipomuuliza anafanya kazi gani, akajibu pamba, daktari aliweka kalamu chini akamtazama. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na karatasi aliyotupa ilikuwa na maneno marefu. Sikuhitaji kuyasoma. Uso wa daktari ulikuwa umeshaniambia.

Shemeji yangu, yule mdogo wa Gatsata, alilia kwenye mazishi kuliko mtu yeyote. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine. Waliorudi kutoka mazikoni walisema alishuka kaburini mwenyewe kumpokea kaka yake, na alipotoka aliketi juu ya udongo akashindwa kusimama.

Siku ya nne alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa nimeingia eda, miezi minne na siku kumi ambazo mjane hatoki nje, hajipambi, hajitii manukato. Niliketi mkekani uani. Pembeni yangu alikuwa Hajati wa nyumba ya jirani, mwanamke mzee ambaye mtaa mzima unamwuliza mambo ya dini kabla ya kumwuliza shehe. Shemeji alisimama mbele ya mashine, mikono mfukoni.

"Shemeji, mimi naongea wazi. Hii mashine iko imekula kaka yangu. Sitaki kuiona hapa. Nitaleta pikapu, tunaibeba, naivunja Gatsata, kwisha."

"Utaivunja wewe?"

"Mimi. Kwa mikono yangu."

Nilijua mashine ni ya baba yao. Nilijua pia kwamba miezi mitatu nyuma mimi mwenyewe ningemsaidia kuipakia. Sijui kilichonipanda. Mume wangu alifukiwa Jumanne, na hii ni Jumamosi, na tayari kuna mtu amesimama uani anahesabu nini kingine kitoke. Nikasema, "Kitu hakitoki kwenye nyumba ya eda."

Alishtuka. "Iko sheria?"

"Muulize Hajati."

Sheria hiyo haipo. Niliitunga palepale. Katika maisha yangu sijasema uongo mwingi, na huo niliusema mbele ya mtu aliyeijua dini kuliko sote.

Shemeji akamgeukia. "Hajati, kweli? Kitu haitoki?"

Hajati alisogeza punje mbili za tasbihi. Akakohoa. "Mambo ya eda," alisema, "ni mengi."

Shemeji hakuwa mtu wa kubishana na dini. Alizunguka nyuma ya mashine, akalegeza mota, akauvua mkanda na kuuzungushia begani. Ni mkanda mpana wa mpira unaochukua nguvu ya mota na kuipeleka kwenye pipa. Haupatikani dukani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeukata Gatsata, kwa kipimo cha mashine hii moja, baada ya gurudumu la mkono la baba yao kuliwa na mchwa.

"Basi hii naenda nayo," alisema. "Usije ukawasha peke yako ikakula na wewe. Eda ikiisha, nakuja na gari."

Alipotoka, Hajati aliweka tasbihi mapajani.

"Hiyo sheria umeisoma chuo gani?"

"Nimeitunga."

"Nilijua. Utaomba toba."

"Nitaomba."

"Na mimi uniombee, maana nimekohoa." Halafu akaashiria chumbani. "Sasa na ile matela aliyofia, itolewe. Haifai kukaa nayo."

"Si tumesema kitu hakitoki?"

"Wewe ndiye umesema!"

Kwetu matela ya marehemu haibaki ndani. Wengine wanaichoma, wengine wanaigawa mbali, kwa watu wasiomjua. Na wengine, wengi kuliko wanavyokubali, waliileta kwetu. Walimwambia mume wangu ni ya mgeni, ni ya shangazi aliyehama, ifunguliwe, isafishwe, ishonwe upya kwa kitambaa kingine. Yeye alijua. Mtu mzima anageukageuka usiku na pamba inalala sawasawa. Mgonjwa analala upande mmoja, na pamba inashuka pale kama kiganja kilichokunjwa. Alipapasa, akajua, akasema tu, "Njoo Alhamisi." Baada ya mashine hakuna aliyeweza kuonyesha mahali alipolala marehemu. Tulikula kwa kazi hiyo. Sikuona kwa nini matela za watu wote zisafishwe na ya kwake ndiyo ichomwe.

Hapo ndipo nilipoamua. Sikuwa na mpango mkubwa. Matela yake itapita kwenye mashine yake, nami nitailalia. Na shemeji akija na gari lake, ataikuta mashine inafanya kazi, halafu aniambie machoni pangu kwamba anakwenda kuivunja.

Wiki ya tatu mvua ilipumzika kidogo. Niliiburuta matela mpaka uani, nikafumua mshono kwa wembe wake. Kazi ya kwanza si mashine, ni mikono. Unaitoa pamba bonge moja moja, unalipapasa lote, ndani na nje, kabla halijakaribia rola. Watu wanaficha vitu kwenye matela. Mume wangu alikuta humo pini, misumari, hirizi, barua, pete. Kila kitu alikirudisha kwa mwenyewe, na barua hakuzifungua. Lakini sababu ya kupapasa si uaminifu peke yake. Msumari mmoja ukigonga meno ya pipa unatoa cheche, na pamba kavu haingoji cheche ya pili. Mara moja iliwahi kushika moto, tukaizima kwa blanketi lililoloa, na nyusi zake zilichukua muda kuota.

Kwa hiyo nilipapasa. Upande wa miguuni, ndani kabisa ya kona, kidole changu kikashika kamba. Nikavuta. Kikatoka kitambaa cha kuziba pua.

Nikaingiza mkono tena. Kikatoka cha pili, na cha tatu. Tabaka tatu za shuka la zamani, mshono wangu. Havikuwa vimechakaa. Kimoja hakikuwa na hata vumbi.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani mume wangu aliifumua matela yetu na kuishona upya. Kila mara, nadhani, aliingiza humo kile "kilichopotea". Angeweza kukitupa. Nafikiri alishindwa kutupa kitu nilichokishona, na akashindwa kukivaa, na hakuwa na ujasiri wa kuniambia. Tulikuwa tunalala juu yake.

Niliketi katikati ya pamba nikamtukana. Siku zote zile nilikuwa nalia kimya kimya kama ninavyofanya kila kitu. Siku hiyo sikulia. Nilimtukana kwa sauti, nikamwita mwongo, mwoga, kichwa kigumu, nikamwambia ameniacha na mashine yake na kifua chake.

Sauti ya Hajati ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Unagombana na nani humo?"

"Na mwenye nyumba!"

"Haya. Mama yake tu usimguse."

Nilivifua vile vitambaa vitatu nikavianika. Kesho yake nilijifunga kimoja usoni, nikachukua fito mbili za mpera, nikaanza kazi kama alivyoanza baba mkwe, kwa fimbo. Unatandaza pamba juu ya mkeka, unapiga kwa zamu, kulia, kushoto, fimbo inainuka na nyuzi chache na kushuka tena. Si nguvu, ni mwendo. Nilikuwa nimemwona mume wangu akifanya hivyo siku za kukatika umeme, na nilidhani kuona ni kujua. Siku ya kwanza viganja vilinijaa malengelenge na pamba ikabaki mabonge. Siku ya tano ilianza kufunguka.

Fimbo zina kelele. Hajati alikuja ameshika kiuno.

"Mwenye eda anapiga fimbo tangu saa tatu mpaka adhuhuri! Watu wananiuliza tunamchapa nani humu."

"Waambie pamba."

"Nyumba ya msiba inakuwa na utulivu."

"Hajati, nimetulia miaka yote niliyoishi hapa. Utulivu wangu ulimponya nani?"

Alikaa kwenye mkeka, akaokota bonge, akaanza kulifungua kwa vidole, huku ananung'unika kwamba mgongo unamuuma, kwamba pamba ya zamani ilikuwa bora, kwamba nimekosa adabu. Kesho yake alikuja tena kunung'unika. Alikuja karibu kila siku. Nilimfunga kitambaa cha pili usoni, akasema nimemfanya jambazi, lakini hakukivua.

Nilitaka fimbo zinitoshe. Hazikutosha. Katikati ya matela, pale alipolala wiki zake za mwisho, pamba ilikuwa imegandamana kwa jasho na dawa za kupaka, na fimbo iliirukia tu. Pale palihitaji meno. Na meno yalihitaji mkanda.

Kitu ninachojua mimi ni kushona. Mume wangu alichambua, mimi nilishona, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Nilichukua kile kitambaa kizito cha mistari cha matela, nikakikunja mara nane, nikakishona kwa sindano ndefu na uzi wa nailoni, mistari sita kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ilinichukua siku tisa. Nikaunganisha ncha zake, nikauvalisha, nikawasha mota.

Ulikimbia kama nyoka. Ulizunguka mara mbili, ukatoka pembeni, ukanipiga mkono wa kushoto hapa chini ya kiwiko. Nilidhani sikuufunga vizuri. Nikaurudisha, nikawasha, ukanipiga palepale. Alama ipo.

Nilikaa nikauangalia muda mrefu kabla ya kuona upumbavu wangu. Mshona matela akimaliza kitambaa, mkono wake unakwenda wenyewe kutengeneza ukingo, ule mviringo mgumu unaozunguka matela ili isipoteze umbo. Na mimi, bila kufikiri, nilikuwa nimeutengenezea mkanda ukingo mzuri pande zote mbili, wa kumpendeza mteja. Mkanda wenye ukingo hauwezi kukaa kwenye gurudumu. Unapanda juu ya ukingo wake mwenyewe na kuruka nje. Kosa hilo asingelifanya fundi wa gereji, wala mtu asiyejua kushona kabisa.

Nilifumua kila kitu. Nikashona tena ukiwa bapa, na ncha nikaziunganisha kwa mshazari ili kiungo kisigonge kwa mkupuo. Mara ya tatu haukuruka ila uliteleza. Nikaupaka nta ya nyuki, ileile tuliyopaka uzi wa kushonea. Ukashika.

Pipa lilianza kuzunguka polepole, likapata mwendo, na ile sauti ikajaa uani. Sikuwa nimeisikia tangu Juni, mume wangu alipolala kitandani. Nilisimama mbali, nimeweka mgongo ukutani. Sitasema nilifurahi. Niliogopa. Nikazima. Siku hiyo sikulisha hata uzi mmoja. Kesho yake nililisha kiganja kimoja, tena ile pamba iliyokwisha kufunguliwa kwa fimbo, nikazima. Siku iliyofuata viganja vitano. Niliacha mlango wa ua wazi ili upepo uchukue vumbi, nikawa narushia maji sakafuni kabla ya kuanza. Ile pamba ngumu ya katikati niliiacha mwisho. Ilihitaji kuanikwa siku za jua, na jua halikuwa langu kulipanga. Pamba yenye unyevu inajizungusha kwenye meno kama nywele kwenye kitana.

Eda yangu iliisha katikati ya Januari, siku ya Alhamisi. Hajati alikuja asubuhi na maji ya kuoga na khanga mpya. Shemeji alikuja kabla ya saa sita, na pikapu, na wanaume wawili wa gereji wenye kamba mabegani. Hakubisha hodi kwa mdomo, alibisha kwa honi, kutoka barabarani, pale kichochoro kinapoanzia.

Nilikuwa kwenye mashine. Nilikuwa nimevaa ile khanga mpya na kitambaa usoni, na mbele yangu, kwenye beseni, ilikuwa pamba ya katikati ya matela, imekauka.

Alisimama mlangoni pa ua. Midomo yake ilisogea lakini mashine ilimfunika. Nikazima.

"Nimesema umewasha na nini?"

"Na kitambaa."

Alikuja, akainama. Hasira ilikuwa usoni lakini macho yalikuwa ya fundi. Alifuata mkanda kwa kidole mpaka kwenye kiungo.

"Hii umekata mshazari. Nani alikufundisha?"

Nikakunja mkono wa nguo, nikamwonyesha alama. "Huyu mke mwenza."

Mmoja wa wale wawili akaita kutoka mlangoni, "Patroni, tunapakia ama hatupakii?"

"Ngojeni." Akasimama wima. "Shemeji, tulisemezana. Eda imeisha. Hii kitu iliua kaka yangu."

Nilikwenda kwenye kamba ya nguo nikaanua vitambaa viwili, nikavua na kile nilichokuwa nacho usoni. Nikaviweka vyote kwenye viganja vyake.

"Nilimshonea. Aliniambia vimepotea. Nimevikuta ndani ya matela aliyofia, upande wa miguu."

Alivigeuza. Alikitambua kile cha bluu, nadhani, kwa sababu shuka lile lilikuwa limetoka kwa mama yao.

"Mashine imemuua," nikasema. "Sikatai. Na yeye aliisaidia. Na mimi nilisikia kifua chake, nikashona vitambaa, nikanyamaza. Na wewe ulikata mkanda ulioifanya izunguke haraka kuliko mkono wa baba yenu. Sasa ukaivunje mashine peke yake, halafu urudi uniambie umelala vizuri."

Sikuwa nimewahi kusema naye maneno mengi hivyo kwa mara moja. Hajati alikuwa ameketi mkekani, tasbihi imesimama. Safari hii hakukohoa.

Shemeji aliangalia mashine, akaangalia beseni. "Hiyo pamba ni ya nani?"

"Yake. Imebaki hiyo tu."

"Ile ya..."

"Ndiyo. Ile ya pale alipolala."

Alijifunga kile cha bluu, kamba akazifunga vibaya, Hajati akainuka na kuzifunga upya huku anamwambia kichwa chake kimekuwa kikubwa kama cha kaka yake. Mimi nikajifunga cha kwangu. Nikawasha.

Alichukua kiganja cha pamba kwenye beseni, akakilisha. Halafu kingine. Baba yao alikuwa amemfundisha kweli, mkono ulikumbuka. Lakini siku za baba yao mashine ilikuwa inazungushwa kwa mkono, na sasa ina mota, na kwenye kiganja cha nne vidole vyake vilikwenda na pamba mpaka karibu na rola. Nikampiga mkono kwa fimbo ya mpera.

"Yewe!" Aliruka nyuma.

"Hailishwi hivyo. Unaachia mapema."

Wale wawili mlangoni walicheka, wakajifanya wanakohoa.

Akarudi akalisha akiachia mapema. Tulimaliza beseni lote. Nikafungua turubai na pamba ya mume wangu ilikuwa humo, nyeupe isiyo nyeupe sana, imevimba, na hata mimi sikuweza kujua ni ipi iliyotoka katikati.

Shemeji alivua kitambaa, akafuta uso nacho, akakirudisha kwenye kamba. Aliwaambia wenzake wawashe gari. Kabla ya kuondoka alikwenda kwenye pikapu, akarudi na ule mkanda wa mpira, akauweka juu ya kizingiti cha ua.

Gari lilipokwisha kuondoka nilijaribu kuuvalisha. Miezi yote ile ulikuwa umekaa nyuma ya pikapu juani. Ulikuwa umepasuka mahali pawili. Nikauvua, nikaurudishia mashine ule wa kitambaa, nikamwambia Hajati anipitishie nta.